Plastiki Iozayo na Swali la Haki



Mwaka jana, kiangazi kilipokuwa kinakaribia kwisha, mbuzi jike wangu mmoja alianza kukonda ingawa kila siku alikwenda malishoni na wenzake. Tumbo lilikuwa limejaa, lakini mwili ulikauka. Alipokufa, kijana anisaidiaye kuchunga alimpasua ili tujue sababu, akatoa tumboni mwake fundo gumu lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga. Lilikuwa fundo la nailoni: vipande vya rambo za zamani, vifungashio vya karanga, nyuzi za magunia ya salfeti, vyote vimesokotana kama kamba iliyosukwa na mtu mwenye hasira. Mfugaji yeyote wa Kilimatinde anaweza kusimulia kisa kama hicho. Nacho si kisa kidogo, kwa maana kwetu sisi mbuzi ni ada ya shule, ni dawa ya mgonjwa, ni mahari.

Majuma machache baadaye tulikutana kigangoni kupanga siku ya kuokota takataka kando ya barabara iteremkayo bondeni kwenda Saranda. Ndugu mmoja, mtu msomi na wa kuheshimika, alisimama akatushauri tusijichoshe. Alisema wataalamu wa ng'ambo wamekwisha kupata bakteria atengenezaye plastiki inayooza yenyewe ardhini, na kwamba baada ya miaka michache rambo zitarudi kuwa halali, nasi tutakuwa tumeokota bure. Wengi walimpigia makofi, na siku ya kuokota ikaahirishwa hadi leo. Sikuwa na jibu siku ile. Nimeuliza, nimesoma, na sasa nimeona yafaa kumjibu kwa maandishi, si kwa sababu alisema uongo, bali kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli tupu, na nusu hiyo ndiyo iliyotufanya tuimeze nusu ya pili.

Ni kweli kwamba wako bakteria watengenezao plastiki. Tena hawakuanza jana. Mwaka 1926 mtaalamu Mfaransa, Maurice Lemoigne, wa Taasisi ya Pasteur, alieleza kwamba bakteria aitwaye Bacillus megaterium huweka ndani ya mwili wake chembechembe za kitu ambacho leo twakiita polihidroksibutireti, kwa kifupi PHB. Kitu hicho ni plastiki halisi: kikiyeyushwa kwa joto hufinyangwa, kikipoa hukaza. Baadaye ilionekana kuwa jamaa zake ni wengi, na ukoo mzima ukapewa jina la PHA.

Kwa nini kiumbe asiyeonekana kwa macho ajisumbue kutengeneza plastiki? Mkulima wa Ugogo ataelewa upesi kuliko profesa. Mwaka wa mavuno mema mtu hali mtama wote. Huujaza kihenge, akingoja mwaka wa njaa ambao anajua utakuja tu. Bakteria naye akipata sukari au mafuta kwa wingi, lakini akakosa naitrojeni au fosforasi ya kumwezesha kukua na kuzaana, hageuzi chakula kile kuwa watoto. Hukiweka akiba. Binadamu huweka akiba yake kama mafuta mwilini, na bakteria huyu huiweka kama plastiki. Yuko mmoja, Cupriavidus necator, aishiye udongoni na majini, ambaye akilishwa vizuri huweza kujaza kihenge chake hata asilimia 80 ya uzito wake mkavu ikawa ni PHB. Hebu fikiri mtu wa kilo 60 ambaye kilo 48 ni akiba!

Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya vitatu. Kimeng'enya ni fundi mdogo aliye ndani ya kila kiumbe hai. Ndicho kigeuzacho kimea kuwa pombe na maziwa kuwa mtindi. Kimeng'enya cha kwanza cha bakteria wetu huchukua vipande viwili vidogo vitokavyo kwenye chakula na kuviunganisha kuwa kimoja. Cha pili hukitengeneza kipande hicho kwa kukiongezea haidrojeni kiwe tayari kushikana na wenzake. Cha tatu, kiitwacho PHA sinthasi, ndicho fundi mkuu: hushika vipande hivyo kimoja baada ya kingine na kuvitunga kama shanga katika uzi mrefu, maelfu kwa maelfu, mpaka uzi ukajikunja kuwa chembe ya plastiki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti, wakiwamo wale wa chuo cha MIT huko Marekani, walizitambua jeni zinazoamuru mafundi hawa watengenezwe, na tangu hapo imewezekana kuzihamishia kwa bakteria wengine na hata kwenye mimea.

Na uzuri wa jambo ni kwamba kihenge huwa na mlango. Siku ya njaa bakteria huikata akiba yake akaila. Na udongoni wako bakteria na kuvu wengine wengi walio na vimeng'enya vya kuikata plastiki hiyo hata kama si wao walioitengeneza. Mwisho wake, palipo na hewa, ni maji na hewa ya ukaa. Rambo ya kawaida, iliyotengenezwa kwa mafuta ya petroli, haina mlaji wa namna hiyo. Hupasuka vipande, vipande vikawa chembe, chembe zikabaki.

Kama ni hivyo, mbona hatuioni Manyoni sokoni? Kampuni ya Uingereza, ICI, iliitengeneza kwa jina la Biopol, na mwaka 1990 chupa za shampuu zilizotengenezwa kwayo ziliuzwa Ujerumani. Biashara haikusimama. Mali ile ikahama mikono hadi kwa Monsanto, nao wakaiacha. Kampuni nyingine ya Marekani, Metabolix, ikishirikiana na ADM, ilijenga kiwanda kikubwa huko Clinton katika jimbo la Iowa, kilichotumia sukari ya mahindi. Mwanzoni mwa mwaka 2012 ADM ikajitoa na ushirika ukavunjika. Mwezi Machi 2025 Danimer Scientific, moja ya kampuni zilizojulikana zaidi katika kazi hii, ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi wa muflisi. Wako wanaoendelea, Japani, China na Korea, lakini plastiki zote zitokazo kwa viumbe hai, za kila aina, bado ni chini ya asilimia 1 ya plastiki ya dunia, ambayo kwa mwaka hupita tani milioni 400. Sababu ni bei. Plastiki ya petroli ni rahisi mno, na bei yake haihesabu mbuzi wangu.

Kwa hiyo mtu akisema "miaka michache tu", ajue kwamba maneno hayo yamesemwa kwa zaidi ya miaka 30.

Lakini tuseme bei imeshuka. Je, plastiki hiyo ingeoza hapa kwetu? PHB huliwa na kukatwa na viumbe hai, na viumbe hai wanataka maji na joto. Joto tunalo. Maji tunayo kwa msimu mmoja, na mvua zikikatika mwezi wa Aprili au Mei udongo wetu huwa vumbi mpaka Novemba au Desemba. Mfuko uliotupwa kando ya njia mwezi wa Juni utalala juu ya ardhi kavu ukingoja mvua kama sisi tunavyoingoja. Mbuzi hangoji. Ziko pia plastiki nyingine ziitwazo za kuoza, kama ile itokanayo na asidi ya maziwa, ambazo zataka mitambo ya kutengenezea mboji yenye joto la karibu nyuzi 60. Mitambo hiyo iko wapi katika wilaya yetu? Na ziko nyingine ambazo ni udanganyifu mtupu: plastiki ya petroli iliyotiwa dawa ili ivunjike upesi ikiwa juani, kisha ikaandikwa kwamba ni rafiki wa mazingira. Hiyo haiozi, inasagika tu. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliipiga marufuku kwa amri ya mwaka 2019 iliyoanza kutumika Julai 2021. Ikishakataliwa huko, hatuna budi kujiuliza shehena zake zitatafuta soko wapi.

Ndiyo maana nasema sheria yetu isilegezwe kwa ajili ya ahadi. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, bila kujali unene wake, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Rwanda ilitutangulia mwaka 2008 na Kenya Agosti 2017. Wale wenye umri wangu wanakumbuka miti ya miiba iliyochanua mifuko kabla ya hapo; tulizoea hata tukaacha kuiona. Katika kanuni zile viliachwa, na ni haki viliachwa, vifungashio vya dawa, vya viwandani, vya kilimo na vya vyakula. Tatizo ni kwamba vifungashio hivyo vya nailoni nyepesi vimejipenyeza na kufanya kazi ileile ya mifuko: nyanya za jioni, dagaa, chumvi ya kupima, vyote humo. Nao ule mfuko mbadala tuuitao wa kitambaa, kwa wengi wetu si kitambaa hata kidogo. Ni plastiki ya polipropilini iliyotengenezwa ifanane na kitambaa, na ndiyo maana ikaagizwa iwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba ili itumike mara nyingi. Ukiutupa baada ya safari moja, umetupa plastiki nyingi kuliko rambo.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo huenda lisiwapendeze wote. Kanuni zile humpa adhabu hata mtu anayekutwa na mfuko, faini ya kuanzia shilingi 30,000. Kwa mama auzaye karanga kituoni, hayo ni mapato ya siku nyingi. Kwa mwenye kiwanda au mwingizaji, faini huanzia shilingi milioni 20 na kwenda juu sana, nami naiona kuwa ya haki. Lakini mwenye kiwanda haishi Kilimatinde. Mwenye karanga ndiye aliye karibu na mkono wa mgambo. Sheria inayomshika mdogo kwa wepesi na mkubwa kwa nadra haijawa sheria mbaya kwa sababu hiyo, bali imekosa wa kuisimamia vema, na hilo ni jambo ambalo viongozi wetu wa jumuiya wanaweza kulisema mbele ya serikali ya kijiji bila woga.

Sasa nije kwenye swali lililonikosesha usingizi zaidi ya yote, nalo ni hili: bakteria hawa ni wa nani?

Msidhani ni swali la mzaha. Watafiti wanaotafuta vimeng'enya vya plastiki wamependa sana maziwa ya chumvi na magadi, kwa maana bakteria waishio humo huvumilia maji ambamo wadudu wengine hufa, hivyo kiwandani si lazima mitambo ichemshwe na kutakaswa kwa gharama kubwa. Bakteria mmoja wa namna hiyo, Halomonas boliviensis, alipatikana katika udongo wa kando ya ziwa huko Bolivia na kutangazwa mwaka 2004. Naye huweka akiba ya PHB. Wachina wamefika mbali kwa kutumia ndugu yake waliyemtoa katika ziwa la chumvi huko Xinjiang. Nasi mkoani Singida tuna Singidani na Kindai, maziwa ya chumvi ambako ndege heroe hutua, na watu hupita kando yake kila siku wakidhani hayana faida. Bonde letu la Ufa lina mengine mengi kuanzia Natron hadi Ethiopia.

Yaliyotokea Kenya yatufundishe. Mnamo mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester cha Uingereza walikusanya bakteria katika maziwa ya magadi ya nchi hiyo. Vimeng'enya vilivyotokana na kazi hiyo vikaingia mikononi mwa kampuni ya Genencor, vikatumika kuzipa suruali za jinsi ule mwonekano wa kuchakaa na kutiwa katika sabuni za kufulia. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza kwamba litadai fungu lake, likisema viumbe vile vilichukuliwa bila idhini yake. Upande wa pili ulishikilia kwamba taratibu zilifuatwa. Mwaka 2007 shirika hilohilo liliingia mkataba na kampuni ya Denmark, Novozymes, iliyokuwa ikiuza kimeng'enya chenye asili ya Ziwa Bogoria kinachopunguza matumizi ya klorini katika kung'arisha karatasi. Kampuni ikakubali kulipa na kuwafundisha Wakenya kazi. Huo ulikuwa mwanzo mwema.

Walakini, kando ya Bogoria waliishi Waendorois, wafugaji kama sisi. Katika miaka ya 1970 waliondolewa ili pawe hifadhi. Walidai haki yao kwa miaka mingi, na mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitangazwa: Kenya iwarudishie haki katika ardhi ya mababu zao na kuwalipa fungu la mapato yatokanayo na shughuli za pale. Utekelezaji wake umesuasua. Basi tazameni: suruali ya kijana wa Ulaya imepaushwa kwa ujuzi wa bakteria wa maziwa yale, na mzee aliyezaliwa ukingoni mwa ziwa bado anasubiri mahali pa kulishia ng'ombe wake.

Ziko sheria za kuzuia hayo yasitupate. Mkataba wa mwaka 1992 juu ya uanuwai wa viumbe ulisema kwamba viumbe vilivyomo nchini viko chini ya mamlaka ya nchi husika, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ikaweka utaratibu wa kuomba idhini na kugawana faida. Tanzania imo katika yote mawili. Lakini mkataba hauwezi kumlinda mtu asiyejua kwamba kuna kitu cha kulindwa. Mgeni akija na chupa ndogo akachota tope la Singidani, nani kati yetu atamwuliza kibali?

Liko na jambo la chakula. Bakteria hali hewa; ili kupata kilo moja ya plastiki yataka takriban kilo tatu za sukari. Akilishwa mafuta ya mimea hutoa zaidi, na kampuni ya Japani iitwayo Kaneka hutumia mafuta ya namna hiyo. Masikio ya mtu wa Singida yanapaswa kusimama hapo, kwa maana alizeti ni zao letu. Je, siku bei ya plastiki hii itakapokuwa nzuri, mafuta ya alizeti yatakwenda kwenye kikaango au kwenye pipa la bakteria? Mimi sipingi mkulima apate soko jipya. Napinga soko ambalo bei yake hupangwa mbali, mkulima akauza mbegu yote wakati wa mavuno na kununua mafuta ya kula kwa bei ya juu mwezi wa Januari. Afadhali bakteria alishwe mabaki. Katika mkonge, kwa mfano, nyuzi ni kiasi cha asilimia 4 tu ya jani, na sehemu iliyobaki kwa miaka mingi ilitupwa tu huko Tanga. Vyuo vyetu vina wataalamu wanaojua kazi ya bakteria na mabaki. Wapewe fedha wajaribu.

Msinielewe vibaya, kwamba nachukia plastiki au nataka turudi kubeba maji kwa mitungi. Dumu la lita 20 limemwondolea mwanamke wa hapa uzito wa mtungi wa udongo. Bomba la sindano la plastiki limeokoa watoto. Hata PHA yenyewe, mahali pazuri pake kwa sasa naona ni hospitalini: mwaka 2007 Marekani iliidhinisha uzi wa kushonea vidonda uliotengenezwa kwa plastiki ya bakteria, ambao humeng'enywa mwilini polepole bila kutolewa. Huko bei yake yastahimilika, kwa kuwa kazi ni ndogo kwa uzito na kubwa kwa faida. Kubebea nyanya kutoka sokoni hadi nyumbani, mwendo wa dakika ishirini, hatuhitaji jeni ya mtu yeyote. Kikapu cha ukindu kipo.

Kwa ndugu yangu yule wa kigangoni nasema hivi, kwa heshima. Bakteria wako nimemtafuta na nimemkuta, naye ni fundi kweli. Lakini nailoni iliyoko leo kati ya hapa na Saranda si yake, na hakuna kimeng'enya kitakachokuja kuila. Mvua ya kwanza itaisomba kuteremka genge hadi bondeni, kwenye majaruba ya mpunga na mbuga ya Bahi, kwa watu wasioshiriki kikao chetu. Naomba halmashauri iirudishe siku ya kuokota katika ajenda kabla ya mwezi wa Novemba. Magunia ninayo manne, na mbuzi waliobaki ni saba.